Mchezo Tuliotunga Wenyewe

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 1998, katika mkutano wa mwaka uliofanyika hapa shuleni.)

 

Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya elimu na maendeleo. Nimeifikiria mada hiyo kwa majuma mawili huko Dodoma ninakofanya kazi, na nikaona kwamba karibu kila aliyepata kusimama mahali hapa amekwisha kuizungumzia, na ninyi wanafunzi mmekwisha kuijibu katika mitihani. Kwa hiyo naomba radhi kwa Katibu. Leo nitazungumza juu ya jambo dogo zaidi, nalo ni mchezo wa kuigiza uliotungwa na Kidato cha Tatu B mwaka 1997, katika darasa lile la mwisho ambalo sasa naona lina madirisha ya vioo. Wakati wetu lilikuwa na nondo tu. Nitaeleza jinsi tulivyoutunga, faida tuliyoipata, na kosa nililolifanya mimi. Kosa hilo sijapata kulisema mbele ya watu wengi.

Maigizo ya Wageni na Maigizo ya Mtihani

Kabla ya mwaka ule shule yetu ilikuwa na maigizo ya namna mbili. Ya kwanza yalikuwa ya wageni. Akisikika kiongozi anakuja, mwalimu mmoja hukesha akiandika ngonjera, na sisi tunaikariri kwa siku mbili. Siidharau ngonjera hata kidogo. Marehemu Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ili wananchi waelimishane kwa kujibizana, na kujibizana maana yake ni kwamba kila upande una jambo la kusema. Lakini sisi hatukuwa na upande. Yule aliyeigiza mjinga na yule aliyeigiza mwerevu wote walisema maneno ya mwalimu, kisha mgeni akapiga makofi, akapanda gari lake, akaondoka.

Maigizo ya pili yalikuwa ya mtihani. Tulisoma tamthiliya katika somo la Kiswahili, tukajifunza dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi na matumizi ya lugha. Vitabu vilikuwa vichache, na mara nyingi watu sita waligawana kimoja. Tuliweza kuandika kurasa mbili nzima juu ya mchezo ambao hatujapata kumwona mtu hata mmoja akisimama na kuucheza. Ilikuwa sawa na kujifunza kuogelea ubaoni.

Katika muhula wa pili wa mwaka 1997 alikuja mwalimu mpya wa Kiswahili, kijana, aliyekuwa ametoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakutaka kusifiwa alipokuwa hapa, na naamini hata leo hapendi, kwa hiyo sitamtaja jina. Siku ya kwanza aliuliza vitabu vya tamthiliya viko vingapi. Kiranja akamjibu, "Viwili, Mwalimu, na kimoja hakina mwisho." Akacheka sana. Akasema, "Basi tutatunga chetu, na mwisho tutautafuta pamoja."

Wakati ule hatukujua kwamba maneno yake yalikuwa na historia. Pale Mlimani walimu wa sanaa za maonyesho walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1982 Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa tamthiliya moja, Harakati za Ukombozi, ambayo jaladani ina majina matatu ya watunzi. Mwaka 1984 kikundi cha Paukwa kilitoa mchezo wa Ayubu, na mtunzi wake ni kikundi kizima. Katika miaka hiyo hiyo Penina Muhando, ambaye wengi mnamjua kama Profesa Mlama, pamoja na wenzake walikwenda vijijini, kama kule Malya mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakasikiliza matatizo yao, na wanakijiji wenyewe wakayatungia michezo, ngoma na majibizano. Baada ya maonyesho watu hawakutawanyika, walikaa wakajadiliana. Mwaka 1996, yaani mwaka mmoja tu kabla ya huu ninaousimulia, walimu hao walianzisha mpango ulioitwa Tuseme katika baadhi ya shule za sekondari, ili hasa wasichana wapate kuyataja kwa vinywa vyao mambo yanayowazuia kusoma. Mpango huo baadaye ulichukuliwa na FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, ukaenda katika nchi nyingi.

Shule yetu haikuwa katika mpango huo. Sisi tulikuwa na mwalimu mmoja, boksi la chaki tupu na kaunta buku moja.

Boksi la Chaki

Mwalimu alitugawia vipande vya karatasi akatuambia tuandike, bila jina, jambo moja linalotuzuia kusoma vizuri. Karatasi zote zikatiwa katika lile boksi. Kisha akazisoma moja moja, polepole, bila kutoa maoni.

Ninyi wanafunzi wa leo mnaoishi Mbagala, Mtoni, Tandika na Yombo mtaweza kukisia. Karatasi nyingi zilikuwa na neno moja: daladala. Shirika la UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, lilikwisha kuzidiwa na wingi wa watu zamani sana, na tangu mwaka 1983 serikali ilikuwa imeruhusu mabasi ya watu binafsi. Mwanafunzi alilipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, na kwa sababu hiyo hakutakiwa. Gari linafika kituoni, konda anaziba mlango kwa mkono, anapaza sauti, "Wanafunzi wawili tu!" Wawili wanaingia, ishirini wanabaki. Nasi tukichelewa, mwalimu wa zamu alikuwa langoni na fimbo, na fimbo ile haikuuliza habari za konda.

Karatasi nyingine zilitaja njaa. Nyingine zilitaja mafuta ya taa. Mmoja aliandika kwamba bibi yake anauza samaki, na yeye huamka saa tisa usiku kumsindikiza Feri. Lakini zilikuwapo karatasi nne au tano ambazo Mwalimu alipozisoma darasa lilinyamaza. Moja ilisema, "Konda ananipakia bure kila siku, na sasa anasema nina deni."

Tulikuwa zaidi ya hamsini darasani, wavulana kwa wasichana, tumekaa pamoja tangu Kidato cha Kwanza, na hatukujua kwamba jambo hilo limo humo ndani.

Jinsi Tulivyoutunga

Nitaeleza utaratibu wenyewe kwa sababu nimeona baadhi ya walimu vijana hapa wamefungua daftari.

Kwanza tuligawanywa vikundi vya watu saba au wanane. Kila kikundi kilipewa kazi ya kuonyesha kituo cha basi bila kusema neno, wote wamesimama kama picha. Wengine walitazama na kusema wanachokiona. Hapo tulianza kujua kwamba mtu akisimama tu, jinsi alivyoshika mkoba wake na mahali alipoelekeza macho, amekwisha kusema jambo.

Pili tuliongeza maneno. Hapakuwa na karatasi ya kukariri. Watu walijibizana papo kwa papo, na Mwalimu aliruhusu mtu yeyote kupaza sauti, "Simama!" akaingia kuchukua nafasi ya mwenzake na kulicheza jambo lile kwa namna nyingine. Maneno yaliyokubaliwa na wengi yaliandikwa katika kaunta buku. Mwandishi nilikuwa mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu. Ukurasa mmoja wakati mwingine ulituchukua majuma mawili, kwa maana tulikuwa tukiufuta na kuuandika upya.

Tatu, na hili ndilo lililotutofautisha na watu wa vichekesho, Mwalimu alitutoa nje. Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa rahisi: konda ni shetani, mwanafunzi ni malaika. Mwalimu akatuuliza, "Nani kati yenu amepata kuzungumza na konda akiwa hagombani naye?" Hakuna aliyenyosha mkono. Jumamosi moja akatutuma vituoni, kikundi kimoja Tandika, kingine Mtongani, kingine Temeke mwisho wa gari.

Konda tuliyezungumza naye sisi alikuwa ametuzidi miaka mitatu au minne tu. Alikuwa ameishia Darasa la Saba. Alitueleza habari ya hesabu. Kila jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kamili, kiasi kile kile, mvua inyeshe jua liwake. Dereva na konda hula kinachobaki baada ya hesabu na mafuta. Pasipobaki kitu, hawali. "Sasa wewe denti," alisema, "nikikupakia wewe na wenzako kumi, watoto wangu nitawalisha nini?"

Jumatatu tuliandika ubaoni. Ikiwa mwanafunzi analipa nusu, wanafunzi kumi ni sawa na watu wazima watano. Viti kumi vimekaliwa, fedha ya viti mitano imepotea. Serikali imeamua nauli ya mwanafunzi, na ni uamuzi mwema. Lakini nusu iliyopungua analipa nani? Serikali hailipi. Tajiri hailipi, maana hesabu yake haipungui. Analipa konda, na konda naye anailipiza kwa mtoto aliyesimama kituoni. Darasa zima lilikaa kimya tukiutazama ubao. Nathubutu kusema kwamba siku ile nilijifunza uchumi zaidi ya nilivyojifunza katika miaka yangu mitatu ya chuo kikuu.

Mchezo ukabadilika. Konda akapata nyumba, mama na deni. Tajiri akaingia, ingawa hakuonekana. Tulimfanya kuwa sauti tu kutoka nyuma ya mlango. Mimi, mwandishi, nikachaguliwa kuwa konda. Madawati yakapangwa kuwa gari, kifuniko cha sufuria kikawa usukani, na mlango wa darasa ukawa mlango wa daladala. Mchezo tukauita Wawili Tu.

Tuligombana pia, msidhani hatukugombana. Wavulana tulipenda kuchekesha. Kila mazoezi tuliongeza vituko vya konda hadi msichana mmoja akasimama akasema, "Ninyi mnacheka kwa sababu mkiachwa na gari mnatembea kwa miguu. Sisi tukiachwa, giza linatukuta njiani." Wasichana wakakataa kuendelea kwa siku mbili. Mwalimu hakuwalazimisha. Alituambia wavulana tucheze sehemu yao, tuwe sisi tunaotembea gizani kutoka Zakhem. Tulijaribu. Hatukujua hata mahali pa kutazama. Tukaenda kuwaomba warudi, na walirudi kwa sharti kwamba maneno ya wasichana yataandikwa na wasichana.

Kosa Langu

Siku ya maonyesho ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha kuanza, uwanja umekuwa tope, kwa hiyo tukahamishia mchezo katika madarasa mawili yaliyotenganishwa na ukuta wa mbao, tukauondoa ule ukuta. Shule nzima ilijaa humo, na wazazi waliofika, na wengine walisimama madirishani na miavuli.

Ulikwenda vizuri. Watu walicheka palipostahili kucheka na wakanyamaza palipostahili kunyamaza. Na mimi, ndugu zangu, nililewa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilipoona watu wanaangua kicheko kila ninapogonga bodi, nikaanza kuongeza mambo yasiyokuwamo katika kaunta buku.

Ilikuwapo sehemu ya msichana anayepakiwa bure. Tulikuwa tumekubaliana kwamba msichana huyo asifanane na mtu yeyote, na mwenzetu aliyeicheza aliicheza hivyo. Lakini katika darasa letu alikuwapo binti mmoja aliyekuwa rafiki yangu. Tulipanda gari kituo kimoja. Alikuwa amenieleza, mimi peke yangu, kwamba ile karatasi ya deni ilikuwa yake. Alikuwa na mkoba ulioshonwa kwa kitenge, na alikuwa na namna yake ya kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja.

Nilipofika sehemu ile nikaziba mlango, nikafunika mdomo kwa kiganja, nikacheka kicheko chake. Kisha nikasema, "Yule wa mkoba wa kitenge apite, huyo ana hesabu yake na mimi."

Watu walicheka sana. Hicho ndicho kicheko kikubwa nilichopata kukisababisha maishani mwangu. Halafu vichwa vikaanza kugeuka kimoja baada ya kingine kumtafuta mwenye mkoba wa kitenge. Alikuwa amekaa safu ya tatu na mkoba upo mapajani. Alisimama, akapita katikati ya watu, akatoka mvuani.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimetumia miezi minne kujifunza uchungu wa konda, na dakika moja ilinitosha kuusahau uchungu wa rafiki yangu.

Mchezo uliendelea hadi mwisho. Baadaye yalifuata majadiliano, na kwa haki ya wenzangu lazima niseme kwamba yalikuwa majadiliano mazuri. Wazazi walisema, walimu walisema, na hata mwalimu wa zamu alisema. Palikubaliwa mambo matatu: fimbo ya langoni isimwangukie mtu kabla hajaulizwa kilichomchelewesha, vipindi vya jioni vimalizike mapema ili wanafunzi wasikutwe na giza, na walimu wawili na wazazi wawili waende kuzungumza na madereva na makonda wa vituo vya karibu. Mambo hayo yalitekelezwa. Daladala hazikuacha kutuacha, nisiwadanganye. Lakini wapo makonda waliotukubali wanne badala ya wawili, na tulijifunza kutembea kwa makundi.

Yule binti hakuja Jumatatu. Hakuja juma lile lote. Mtaani walianza kusema kwamba ana mimba. Haikuwa kweli, lakini ninyi mnajua maneno ya mtaani hayangoji ukweli. Na kumbukeni kwamba siku zile msichana akipata mimba ndiyo mwisho wa shule yake. Ilikuwa hadi Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi wanaojifungua wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Mwaka 1997 uvumi tu ulitosha kumtia mzazi hofu.

Mwalimu hakunichapa. Nilitamani anichape. Alinichukua Jumamosi tukaenda Mbagala nyumbani kwa kina binti. Baba yake alitupokea nje, akatupa kigoda kimoja, na Mwalimu akakataa kukikalia. Mwalimu aliomba radhi yeye kwanza, akisema kosa limefanyika katika somo lake. Kisha akaniachia nafasi. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka jibu la yule mzee. Alisema, "Mwalimu, mwanangu hakufanya kosa lolote. Alionewa na mtu barabarani, akanyamaza. Akaja kwenu shuleni, mkamtangaza."

Binti alikuwa amekwisha kupelekwa kwa shangazi yake mkoani. Hakurudi katika shule hii. Jina lake halimo katika orodha ya waliomaliza mwaka 1998, na kila mwaka Katibu anaposoma orodha ile, mimi nalisikia pengo lake.

Jibu Lake

Miaka mingi ilipita. Nilimaliza Kidato cha Sita, nikaenda Mlimani, nikaajiriwa serikalini. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenda kwa wananchi kuuliza matatizo yao na kuyaandika. Mnamkumbuka Ngoswe katika tamthiliya ya marehemu Edwin Semzaba, mtumishi wa serikali aliyekwenda kijijini kuhesabu watu na karatasi zake zikaishia motoni kwa sababu ya uzembe wake. Wenzangu ofisini hunitania kwa jina hilo. Karatasi zangu hazijaungua bado, lakini kila ninapofungua daftari mbele ya mwananchi nakumbuka kwamba ninaandika jambo la mtu, na jambo hilo lina mwenyewe.

Mwaka 2012 nilikuwa Tandika sokoni nikitafuta vitenge vya kumpelekea mama. Mwenye duka alicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Nikamjua kabla hajanijua.

Alinipa kiti. Nikamwomba radhi, safari hii mimi mwenyewe bila Mwalimu. Alisikiliza, akakunja kitenge alichokuwa nacho mkononi, akakiweka. Akaniambia alimaliza masomo yake baadaye, kwa kujitegemea, akiwa mtu mzima na ana watoto. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo: "Mchezo wenu ulikuwa mzuri. Ungeniuliza, ningecheza mwenyewe."

Ndugu zangu, nimeyatafakari sana maneno hayo. Mimi nilikuwa nikidhani kosa langu lilikuwa kuitoa siri. Naam, hilo lilikuwa kosa. Lakini yeye alinionyesha kubwa zaidi. Mwenye jambo alikuwa amekaa safu ya tatu, ana mdomo na ana akili, na mimi nikaona ni vizuri zaidi kumsemea. Nilimfanyia yale yale ambayo ngonjera za wageni zilitufanyia sisi.

Kwa Wanafunzi na kwa Wenzangu

Sasa nina maneno machache kwenu wanafunzi. Najua kwamba leo hamngoji boksi la chaki. Mna simu, na mchezo mnautunga saa nne za asubuhi, saa sita umekwisha kufika Mwanza. Nimeiona baadhi ya michezo hiyo na nimecheka. Lakini mingine nimemwona ndani yake mwanafunzi mwenzenu anayeigwa anavyotembea, anavyoongea, au anavyovaa viatu vilivyopasuka. Aibu niliyoisababisha mimi iliishia Mbagala, na bado ilimtoa mtoto shuleni. Ya kwenu haina ukuta wa kuizuia. Kwa hiyo shikeni mambo mawili tu. Kabla hujamwiga adui yako, nenda ukamsikilize, kama tulivyomsikiliza konda. Na kabla hujamwiga rafiki yako, muulize.

Kwenu walimu, nawaomba msiogope kelele. Somo la sanaa za maonyesho limo katika mitihani ya taifa, lakini shule zinazolifundisha si nyingi, na sidai kwamba shule yetu ilianze kesho. Naomba saa moja tu kwa juma, hata katika kipindi cha Kiswahili, wanafunzi watunge jambo lao wenyewe na waliandike. Mnapofundisha Kilio Chetu, waonyesheni wanafunzi jaladani. Jina lililopo pale ni la taasisi, Medical Aid Foundation, wala si la mwandishi mmoja. Waambieni kwamba mchezo unaweza kutoka kwa watu wengi, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwenu wenzangu wanachama: katika ajenda ya leo lipo pendekezo la kuchangia ukumbi wa mikutano. Naliunga mkono na ahadi yangu nimekwisha kuiandika kwa Mhasibu. Lakini sisi tulicheza katika madarasa mawili yaliyoondolewa ukuta, mvua ikinyesha, na mwalimu wa zamu akaacha fimbo. Ukumbi tuujenge, ila kabla ya saruji haijafika, watoto hawa wawe wamekwisha kuwa na jambo la kusema ndani yake. Mimi nimekuja na kaunta buku kumi. Zipo kwenye mfuko ule pale mlangoni, na nimezinunua Tandika.

Mwisho, yupo atakayejiuliza kama nina haki ya kuyasimulia haya. Swali hilo ni zuri. Mwezi uliopita nilikwenda dukani kwake, nikamsomea hotuba hii tangu mwanzo hadi mwisho. Alinifuta sehemu mbili, nazo hamkuzisikia. Mengine akaniruhusu. Nikamwuliza kama angependa kuja kuyasema yeye. Alisema leo ni siku ya soko, lakini mkutano wa mwakani, akialikwa, atafunga duka.

Ndugu Mwenyekiti, naomba chama kimwandikie barua.